Niliyoyasikia Baada ya Rais Kumaliza Kusoma

Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi hiyo humzoeza mtu kumsikiliza anayejibu kuliko anayeuliza. Ndiyo maana kila rais mpya wa Kenya alipoapishwa, hotuba yake niliisikiliza kwa sikio moja na sikio la pili nikalielekeza kwa watu waliokuwa karibu nami. Hotuba yenyewe huchapishwa magazetini kesho yake, na yeyote anayeitaka ataipata. Yale ambayo watu huyafanya nayo katika majuma yanayofuata, matatuni, shuleni na barazani, hakuna anayeyachapisha, nayo ndiyo yaliyonifunza zaidi.

Nianze na ile ya Mwai Kibaki, tarehe 30 Desemba 2002, kwa sababu sijaona tena mapokezi kama yale. Siku tatu kabla yake wananchi walikuwa wamepiga kura, muungano wake wa vyama, NARC, ukapata takriban asilimia 62 ya kura za urais, na chama cha KANU kilichokuwa madarakani tangu uhuru wa 1963 kikaondoka kwa amani. Daniel arap Moi alikuwa ametawala tangu 1978, hivyo mtu wa umri wa miaka thelathini hakuwa na kumbukumbu ya maana ya rais mwingine yeyote. Tulikwenda Uhuru Park tangu alfajiri, tukakuta wengine wamelala huko huko. Ardhi ilikuwa na matope, watu walikuwa wamepanda juu ya miti, na wimbo wa kanisani uliobadilishwa maneno ili useme kwamba yote yawezekana bila Moi uliimbwa na mamia ya maelfu ya watu, ambao wengi wao hawakuwahi kuthubutu kulitaja jina lile kwa sauti ndani ya matatu. Moi alipofika alizomewa, na matope yakarushwa. Kibaki aliletwa akiwa katika kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta, kwa kuwa mwanzoni mwa mwezi ule alikuwa ameumia katika ajali ya barabarani akapelekwa London kutibiwa.

Aliisoma hotuba kwa Kiingereza, na vipaza sauti havikuwafikia wote, kwa hiyo tuliokuwa nyuma tuliipokea kwa mafungu. Aliyesikia alimweleza jirani kwa Kiswahili, jirani naye akampa wa nyuma yake kwa Kikamba, kwa Kijaluo au kwa lugha nyingine yoyote iliyomjia mdomoni. Kibaki alisema kwamba amerithi nchi iliyoharibiwa vibaya kwa miaka mingi ya utawala mbaya na uzembe. Alisema kwamba serikali haitaendeshwa tena kwa matakwa ya mtu mmoja, na kwamba zama za kutangaza sera kando ya barabara zimekwisha. Alisema kwamba ufisadi sasa utakoma kuwa mtindo wa maisha nchini Kenya, na kwamba katika serikali yake hakutakuwa na mtu asiyeguswa.

Kila sentensi ilikuwa na wenyewe. Ile ya matakwa ya mtu mmoja ilishangiliwa sana na watu waliovaa suti, wanasheria na wafanyakazi wa serikali nadhani, wale ambao kwa miaka mingi walijua kwamba habari ya saa saba mchana redioni ingeweza kuwaachisha kazi kabla ya barua kuwafikia. Vijana waliokuwa mbele yangu, ambao hawakuwa na kazi ya kuachishwa, waliipuuza kabisa. Wao walilipuka kwa ile ya ufisadi. Ikarudiwa mdomo kwa mdomo, ikifupishwa kila ilipohama, na ilipofika ukingoni mwa uwanja ilikuwa imekuwa maneno mawili tu: hongo imekwisha. Rais alikuwa amewaonya mawaziri na maofisa wake, lakini umati ulilipokea onyo lile kana kwamba umekabidhiwa kazi ya kulitekeleza.

Mjomba wangu aliyekuwa Mombasa, na ambaye aliisikiliza hotuba yote redioni akiwa peke yake na kikombe chake cha kahawa, hakupendezwa hata kidogo. Nilipompigia simu kumpa habari za furaha yetu alinijibu kwamba mtu haalikwi barazani halafu akatukanwa akiwa ameketi pale pale. Kwamba Moi, kwa maovu yake yote, alikuwa amekubali kushindwa na kukabidhi madaraka mbele ya watu, jambo ambalo marais wengi wa bara hili hawakulifanya. Na kwamba Kibaki mwenyewe alikuwa makamu wa Moi kuanzia 1978 hadi 1988, kwa hiyo mengine katika maovu aliyoyataja yalifanyika naye akiwepo. Nilimwona mjomba kama mzee asiyetaka kuharibiwa utulivu wake. Hata hivyo niligundua kwamba wengi walioisikiliza hotuba ile redioni walikuwa na mashaka kuliko sisi tuliokuwa uwanjani, na sababu yake naiona hivi: redioni ulisikia maneno yote na hukumwona mtu, uwanjani ulimwona mtu na maneno ukayapata nusu. Mgonjwa aliyebebwa hadi jukwaani ili aape alitusemesha kabla hajafungua kinywa.

Majuma yaliyofuata ndiyo yenye thamani kwangu. Mapema mwaka 2003 nilikuwa katika matatu kwenye barabara ya Jogoo, na askari wa trafiki akaisimamisha kama ilivyokuwa desturi. Makanga akakunja noti, akashuka. Hapo abiria wakaanza kupiga kelele. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la sukuma wiki miguuni alimwita makanga kwa sauti ya kumkaripia mwanawe, akamwambia arudishe pesa hiyo mfukoni, na askari naye akaambiwa ataje kosa la gari au aliache liende. Askari alitutazama, akazunguka gari mara moja akijifanya anakagua magurudumu, kisha akapunga mkono. Tuliondoka tukishangilia kana kwamba timu ya taifa imefunga bao. Jambo hilo halikutokea kwetu tu. Habari za raia waliowazuia polisi waliokuwa wakipokea hongo, na hata kuwapeleka vituoni, zilienea nchi nzima wakati ule, na uchunguzi wa maoni wa Gallup International uliwataja Wakenya kuwa watu wenye matumaini kuliko wengine wote duniani.

Shuleni mambo yalikuwa makubwa zaidi. NARC ilikuwa imeahidi katika kampeni kwamba elimu ya msingi itakuwa ya bure, na shule zilipofunguliwa tarehe 6 Januari 2003 wazazi hawakungoja waraka wala maelezo. Walikuja. Kwenye lango letu walisimama watoto wa miaka sita pamoja na vijana wenye ndevu changa, wote wakitaka darasa la kwanza. Nchini kote idadi ya wanafunzi wa shule za msingi za umma ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka ule mmoja, na mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge wa Eldoret alijiandikisha darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84. Darasa langu lilizidi wanafunzi mia moja. Wengine waliketi sakafuni, wengine dirishani, na nilijifunza kusahihisha madaftari nikiwa nimesimama kwa sababu kiti changu nacho kilikuwa na watoto wawili. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kiasi ambacho mwalimu mkuu alikibandika kwenye ubao wa matangazo, naye akashangaa kukuta wazazi wamesimama mbele yake wakipiga hesabu kwa sauti.

Sijawahi kuona kabla yake mzazi wa mtaa wetu akimwuliza mwalimu mkuu kuhusu fedha. Zamani mzazi aliitwa shuleni ili aambiwe anadaiwa nini. Sasa aliingia ofisini bila kuitwa na kuanza kwa maneno "Rais alisema." Rais alisema hakuna ada ya majengo. Rais alisema hakuna pesa ya mlinzi. Rais alisema mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa viatu. Niliitafuta hotuba ile baadaye nikaisoma kwa makini, na sikuona mahali popote palipotaja mlinzi wa shule wala viatu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba watu wale hawakuwa wakinukuu. Walikuwa wakiitumia hotuba kama mtu anavyoutumia wosia wa marehemu mwenye heshima, wakiweka chini ya jina lake kila jambo la haki ambalo walikuwa wamelinyamazia kwa miaka. Mwalimu mkuu aliudhika sana. Mimi, nikiwa nimechoka hadi mifupani na kikohozi cha chaki, niliona kwamba shule yetu haijawahi kuwa na usimamizi mzuri wa fedha kuliko mwaka ule.

Ari ile ilipoa, na watu huieleza kupoa kwake kwa kutaja mambo makubwa: ugomvi wa washirika wa NARC kuhusu mkataba wao wa kugawana madaraka, kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba hewa ya serikali, iliyofichuka mwaka 2004, na kujiuzulu kwa John Githongo mwanzoni mwa 2005, yeye aliyekuwa amepewa kazi ya kusimamia maadili serikalini. Siyakatai hayo. Ila niliyoyaona kwa macho yangu yalianza mapema na yalikuwa madogo. Yule askari wa barabara ya Jogoo alirudi pale pale, na wenzake pia. Dereva aliyekataa kutoa kitu kidogo alikaguliwa gari hadi taa ya ndani, akacheleweshwa hadi abiria wenyewe wakashuka na kupanda gari jingine. Abiria waliokuwa wakishangilia mwezi Februari ndio waliomhimiza makanga mwishoni mwa mwaka: "Mpe bwana, tunachelewa kazini." Hakuna aliyekuwa amebadili msimamo kuhusu hongo. Walikuwa wamefanya kazi waliyodhani wamepewa, na kila walipogeuka nyuma kutazama kama kuna mtu wa serikali aliyesimama pamoja nao, hawakumwona.

Kwa sababu hiyo huwa sikubaliani na wale wanaoyacheka mapokezi ya 2002 na kusema kwamba tulilewa. Watu walioongeza watoto zaidi ya milioni moja madarasani kwa mkupuo hawakuwa walevi. Ahadi waliyoichukua wenyewe kwa mikono yao, ile ya kuwapeleka watoto shuleni, ilidumu hadi leo pamoja na upungufu wake wote, na ile iliyohitaji ofisi nyingi kufuata ndiyo iliyokufa.

Miaka mitano baadaye, tarehe ile ile ya 30 Desemba, rais yule yule aliapa tena. Matokeo ya uchaguzi wa 2007 yalitangazwa jioni katikati ya zogo na shutuma za wizi wa kura, na muda mfupi baadaye tukamwona katika televisheni akila kiapo kwenye bustani ya Ikulu, mbele ya waalikwa wachache, jua likizama. Alizungumza kuhusu uponyaji na umoja. Hakuna jirani yangu hata mmoja aliyeweza kunieleza kesho yake alisema nini, wala waliompigia kura wala waliompinga. Sauti zilizosikika katika mtaa usiku ule hazikuwa jibu kwa hotuba. Tume iliyochunguza machafuko yale baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walihama makwao. Madarasani mwangu kulikuwa na nafasi nyingi mwezi Januari, na nilikuwa nikiita majina ambayo hayakuitikiwa na ambayo watoto wengine walinitazama nisiyarudie. Tangu hapo nikisikia wasomi wakichambua ufundi wa hotuba ya rais mpya, mpangilio wake na ukali wa maneno yake, huwa nataka kwanza kujua kura zilihesabiwa vipi, kwa maana maneno mazuri yanayotanguliwa na hesabu isiyoaminika hayapati hata wa kuyabishia.

Ya Uhuru Kenyatta ya tarehe 9 Aprili 2013 niliitazama pamoja na walimu wenzangu kwenye televisheni. Aliapishwa katika uwanja wa Kasarani, ambao rasmi unaitwa kwa jina la Moi, na sikumsikia mtu yeyote akitaja kinaya hicho. Nchi yetu husahau haraka inapotaka. Safari hii ahadi zilikuja na tarehe. Ndani ya siku 100 ada za kujifungua zingeondolewa katika hospitali za umma, matibabu katika zahanati na vituo vya afya vya serikali yangekuwa bila malipo, na mwaka unaofuata kila mtoto wa darasa la kwanza angepewa kompyuta ndogo. Walimu wa kike wakapiga makofi kwa ile ya kwanza, na mmoja wao aliyekuwa mjamzito akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, akatuchekesha sote. Ile ya kompyuta ilipokelewa kwa kimya, kisha maswali yakamwagika: zitachomekwa wapi umeme, zitalindwa na nani usiku, na mwalimu ambaye hajawahi kushika kipanya atafundisha nini. Upande wa pili wa chumba walikuwepo waliompigia kura mpinzani wake, Raila Odinga, na ambao uamuzi wa Mahakama ya Juu wa kuuthibitisha ushindi wa Uhuru, uliotolewa siku chache kabla, ulikuwa bado unawawasha. Hao walisahihisha mitihani wakati wote wa hotuba, bila kuinua kichwa.

Huduma ya uzazi bila malipo ilianza Juni ile ile, na mwenzetu alijifungua bila kulipa, ingawa katika wodi iliyofurika kiasi kwamba alilala kitanda kimoja na mama mwingine. Vifaa vya kompyuta vya wanafunzi viliingia shuleni mwaka 2016, vikiwa tofauti kidogo na vilivyoahidiwa. Watu waliokuwa wameuliza kuhusu umeme siku ile hawakuwa wapinzani wa serikali, ingawa walitajwa hivyo. Walikuwa ndio waliochukulia ahadi ile kwa uzito kuliko wote, kwa kuwa wangekabidhiwa wao kuitekeleza. Wanaoshangilia mara nyingi wako mbali na kazi yenyewe.

William Ruto alipoapishwa tarehe 13 Septemba 2022 nilikuwa nimestaafu na kurudi Mombasa, na hotuba yake niliisikiliza barazani, katikati ya wazee, vijana wa tuktuk na mawakala wa forodha. Ni hotuba iliyojaa mambo mahususi. Alitangaza kwamba mbolea itauzwa shilingi 3,500 kwa mfuko badala ya 6,500, na hapo barazani kwetu hapakuwa na aliyejali, kwani sisi ni watu wa baharini. Mzee mmoja alisema mbolea ni habari za wakulima wa Kitale. Alitangaza kwamba majaji sita waliokuwa wamekataliwa na mtangulizi wake atawateua, na hilo likapita kama upepo. Kisha akasema kwamba alasiri ile ile ataagiza shughuli za kutoa mizigo zirudishwe bandari ya Mombasa.

Sidhani nitaweza kuieleza kelele iliyofuata kwa mtu ambaye hakuishi Mombasa katika miaka iliyotangulia. Tangu reli mpya ianze kubeba makontena, mizigo ilikuwa imelazimishwa kupelekwa bara ikakaguliwe na kutolewa huko, na mji ulikuwa umekauka: madereva wa malori wameuza magari, ofisi za mawakala zimefungwa, mama wauzaji chakula karibu na lango la bandari wamekunja majamvi, na watu walikuwa wameandamana mitaani bila ya kusikilizwa. Wakala mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alisimama akamkumbatia kila aliyekuwa karibu, hata muuza kahawa, na birika likamwagika. Watu ambao mwezi Agosti walimpigia kura Raila, na katika baraza lile ndio waliokuwa wengi, walishangilia bila kujiuliza kama wanaruhusiwa.

Katika hotuba ile ile, na kwa maneno yaliyo wazi kabisa, Rais alikuwa amesema kwamba ruzuku ya mafuta ni mzigo na haijaleta nafuu iliyokusudiwa. Alilisema hilo bila kuficha. Kesho yake jioni bei mpya zikatangazwa: petroli jijini Nairobi ilipanda kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita, na mafuta ya taa yakapanda kwa shilingi 20. Barazani wakaanza kulalamika kwamba wamehadaiwa, kwamba mtu ameapishwa jana na leo amegeuka. Nikawaambia kwamba alikuwa amesema. Wakakataa. Ilibidi kijana mmoja aitafute hotuba kwenye simu yake na kuisoma kwa sauti, aya baada ya aya, na hata hapo wakala wetu alidai kwamba sehemu hiyo lazima iliongezwa baadaye.

Aliyemjibu alikuwa dereva wa tuktuk, kijana mkimya ambaye siku ya kuapishwa alikuwa ameketi ukingoni mwa baraza bila kushangilia chochote. "Haikuongezwa, mzee wangu," alisema. "Mlikuwa mmeanza kukumbatiana kwa ajili ya bandari, mimi nilikuwa nahesabu nitaweka mafuta ya shilingi ngapi kesho." Wakala akamwuliza kwa nini basi hakuwaambia. Kijana akasema kwamba aliwaambia, na kwamba nauli ya kwenda Kongowea kuanzia asubuhi imeongezeka kwa shilingi ishirini, wazee na vijana sawa.